Siku Ishirini na Mbili Katika Nyumba Inayoelea

Mwezi huu tunawaletea habari zilizo mbali kidogo na kuni na foleni ya maji. Mnaotusoma siku zote mnajua kwamba sisi ni watu wa Mazimbu, Morogoro, na kwamba ukurasa huu tunauandika wawili: mama ndiye ashikaye kalamu, na baba hukaa pembeni akisahihisha pale anapoona habari imetiwa chumvi. Huku kwetu tuna Milima ya Uluguru, tuna na Mto Ngerengere, basi. Bahari kwetu ni hadithi. Lakini maji hayo hayo ya Ngerengere, yakisha kutupita sisi, huingia katika Mto Ruvu, na Ruvu humwaga baharini karibu na Bagamoyo. Kwa hiyo si ajabu kubwa kwamba Septemba ya mwaka 2024 na sisi tuliyafuata.

Chanzo cha safari hiyo kilikuwa ugomvi, afadhali tuseme kweli.

Baba ni fundi wa injini za dizeli. Ufundi huo alianza kuuokota ujanani, alipokuwa kibarua hapa hapa Mazimbu wakati wakimbizi wa Afrika Kusini walipokuwa na shule yao, Chuo cha Uhuru cha Solomon Mahlangu, kilichoanza mwaka 1978 na kukabidhiwa Serikali yetu mwaka 1992. Siku hizi majengo yale ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Alianza kwa kushika taa huku wengine wakifungua jenereta, akaishia kuzifungua mwenyewe. Baada ya hapo alifanya kazi ya ufundi mahali pengi, na alipotimiza miaka 60 akastaafu na kupata kiinua mgongo chake. Kabla fedha haijakaa benki hata mwezi, rafiki yake wa zamani aliyeko Tanga akapiga simu. Kuna boti ya injini inauzwa, ina vyumba, jiko na choo. Tuinunue wawili, tubebe watalii, na wewe na mama watoto mnaweza kuishi humo humo bila kulipa kodi ya nyumba, mkitembea pwani yote kama wafalme.

Sasa mama ni mtu wa Mgeta. Kwetu Uluguru ardhi hufuata ukoo wa mama, na mwanamke wa Kiluguru akisikia fedha huwaza shamba. Shamba haliozi, halizami, halihitaji rangi. Baba alisema shamba halimpeleki mtu Pemba. Tuligombana kwa heshima, kama waumini wanavyogombana, yaani kwa kunyamaza. Wiki tatu chakula kililetwa mezani na hakuna aliyeuliza chumvi iko wapi.

Aliyetutoa katika kimya hicho ni mzee mmoja Mzungu na mkewe, wastaafu walioishi Tanga miaka mingi na Kiswahili chao ni kizuri kuliko cha vijana wetu. Wana boti yao ambayo ndiyo nyumba yao. Walihitaji fundi na mpishi wa kuwasindikiza kutoka Dar es Salaam, kupitia Unguja na Pemba, hadi Tanga. Mama akasema: Baba watoto, kabla hatujauza miaka yako thelathini ya jasho, twende tukaishi humo tuone. Baba akakubali upesi sana. Alidhani amekwisha kushinda.

Boti ilikuwa ya chuma, urefu wa mita 13, na injini moja. Haikuwa ya mbio. Ilikwenda maili saba za bahari kwa saa, na kwa kuwa maili ya bahari ni mita 1,852, huo ni mwendo wa kilomita 13, kama baiskeli yenye gunia la mkaa. Kwa mwendo huo ilikunywa lita kama 10 za dizeli kila saa. Baba anataka tuwaeleze kwamba zile boti nyepesi zinazonyanyua pua na kurusha maji huweza kumaliza kwa saa moja mafuta ambayo sisi tulitumia kutwa nzima, na kwamba mtu akikuuzia boti muulize kwanza inakunywa nini.

Ndani yake kulikuwa na sebule yenye meza, jiko la ukubwa wa kabati la nguo, choo, chumba cha wenye boti nyuma, yaani tezi, na chumba chetu mbele, omo. Kitanda chetu kilikuwa kipana kichwani na chembamba miguuni, kwa sababu boti yenyewe imechongoka huko mbele. Aliyelala ndani hawezi kutoka bila kumruka aliyelala nje. Tumeoana miaka 35, lakini hatukuwahi kujua ni mara ngapi mwenzetu huamka usiku.

Mengi tuliyojifunza humo ni ya jikoni, na hayo ndiyo mnayotaka kusikia. Maji kwanza. Tangi la maji ya kunywa, ambayo watu wa pwani huyaita maji baridi hata yakiwa ya moto, lilikuwa la lita 600. Tulikuwa wanne. Kila mtu akitumia ndoo moja ya lita 20 kwa siku, tangi linaisha baada ya siku saba na nusu. Mwanamke wa Morogoro anayejua bomba likikauka wiki nzima hahitaji kufundishwa hesabu hiyo. Vyombo tuliviosha kwa maji ya bahari na sabuni ya maji, kisha tukavisuuza kwa kikombe kimoja tu cha maji baridi. Wali tuliupika kwa kikombe kimoja cha maji ya bahari na vitatu vya maji baridi, na chumvi hatukuongeza. Hayo mkiyajaribu, maji ya bahari yachotwe mbali na nchi kavu, si bandarini. Bandarini msichote hata ya kuoshea miguu.

Chakula tulikibeba kutoka nyumbani. Kabichi za Mgeta, vitunguu, viazi, karoti, na mikungu miwili ya ndizi mbichi za Kinole. Kila kabichi tuliifunga gazeti na kuichunguza kila siku, kwa sababu moja ikioza huzifundisha nyingine. Mayai tuliyapaka mafuta ya kupikia, tukayageuza kila baada ya siku mbili au tatu, na ya mwisho tuliyala siku ya ishirini yakiwa salama. Samaki tulinunua kwa wavuvi waliopita na ngalawa zao, na hapo kiinua mgongo hakikuguswa.

Kusonga ugali baharini ni kazi nyingine. Jiko lilikuwa la gesi, limetundikwa pande mbili hivi kwamba boti ikilala upande, lenyewe hubaki wima. Ukiliangalia unadhani jiko ndilo linaloyumba, kumbe ni wewe. Sufuria hubanwa kwa vyuma. Msongaji naye hujifunga mkanda kiunoni, ulioshikizwa ukutani, apate kusonga kwa mikono miwili.

Na hapa tusimame kidogo, maana jambo hili linawahusu hata ninyi mlio nchi kavu. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja nyumbani hutambaa sakafuni na kutokea mlangoni, kama mlango uko wazi. Boti haina mlango sakafuni. Gesi hushuka chini kabisa, penye ngama, hukaa huko imetulia kama maji ndani ya beseni, na cheche moja ya umeme inatosha. Kwa sababu hiyo mtungi ulikaa nje juu ya sitaha, na bibi mwenye boti alimwambia mama siku ya kwanza: ukimaliza kupika, funga kwenye mtungi wenyewe, si kwenye jiko tu. Tangu turudi tunafanya hivyo Mazimbu. Jirani zetu wanatucheka.

Choo nacho kina amri zake. Hupigwa kwa pampu ya mkono na huvuta maji ya bahari, na kina bomba lenye koki inayopaswa kufungwa kila baada ya haja. Koki ikisahauliwa wazi, bahari inaweza kuingia kwa njia hiyo hiyo na kuizamisha boti watu wakiwa wamelala. Baba alisahau mara moja. Hataki tuendelee.

Siku mbili za kwanza mama hakuona Unguja wala Chumbe, aliona ndoo. Ugonjwa wa bahari si woga, wala si ulaini wa mtu wa milimani. Mzee mwenyewe alitapika siku ya tatu. Kilichosaidia ni kukaa nje, macho kwenye mstari ule ambapo mbingu na maji hukutana, tangawizi kidogo kidogo, na biskuti kavu. Vidonge vya duka la dawa vipo, lakini humezwa kabla ya kuondoka. Ukisha kuanza kutapika unavimeza kwa ajili ya samaki.

Kutoka Dar es Salaam hadi mji wa Unguja ni karibu maili 40 za bahari, saa sita kwa mwendo wetu, na mkondo ulitusaidia, kwa maana mkondo wa pwani yetu huenda kaskazini. Huko tulikaa siku nne kwa ajili ya makaratasi na soko. Kisha tukapanda polepole, tukatia nanga kati ya Mkokotoni na Tumbatu. Tulifika maji yamejaa. Wakati wa bamvua, maji ya pwani yetu hupanda na kushuka karibu mita nne, na hilo tulikuwa tumelisikia kwa masikio tu. Alfajiri tuliamka boti imekaa juu ya mchanga, imelala ubavu, na sufuria ya maharage ya jana imejimwaga juu ya kitanda cha wenye boti. Hakuna lililovunjika. Tulikaa tumeegemea ukuta kama nyanya sokoni, tukangoja maji yarudi. Watoto wa kijiji walikuja kwa miguu hadi ubavuni mwa boti na kutuuliza kama tunauza kitu.

Mzee alikasirika, lakini bibi alicheka hadi machozi, na hapo mama akaanza kumpenda. Alasiri zile za kungoja ndipo bibi alipomfungulia mama daftari la hesabu. Watu wa boti wana kanuni yao: kila mwaka tenga sehemu moja ya kumi ya bei ya chombo kwa ajili ya kukitunza tu. Kila mwaka boti hupandishwa nchi kavu, hukwanguliwa makombe yaliyoganda chini, hupakwa rangi ya sumu ili yasigande tena upesi. Chini yake kuna vipande vya zinki vilivyofungwa kwa skrubu, ambavyo kazi yake ni kuliwa na maji ya chumvi ili chuma cha boti na panga la injini visiliwe. Vikiisha hufungwa vingine. Mama alinakili tarakimu zote nyuma ya kitabu cha nyimbo.

Mnadhani basi mama alikuwa akikusanya silaha. Ndiyo, alikuwa akizikusanya. Lakini tuwe wakweli, kulikuwa na jioni ambazo alisahau vita. Tulipofika Misali, kisiwa kidogo magharibi ya Pemba, hapakuwa na taa yoyote ila za wavuvi waliokuwa wamepiga dago ufukoni. Wavuvi hao walituambia jina Misali linatokana na mswala wa kusalia, wakatuhadithia habari ya nabii aliyefika hapo akakitumia kisiwa kizima kuwa mkeka wake wa kusalia. Usiku maji yalikuwa meupe kwa vimulimuli vya baharini kila samaki alipopita. Baba alisema, Mama watoto, unaona? Mama hakujibu. Alikuwa anaona.

Na katika chumba kile chembamba kimya cha wiki tatu kilishindikana. Nyumbani mtu akikasirika huenda kwa jirani, huenda shambani, huenda kwaya. Humo unakwenda wapi? Hatua saba umefika mwisho. Tuliongea mambo ambayo hatukuwa tumeyagusa tangu mtoto wetu wa mwisho aondoke nyumbani: kwamba baba anaogopa kukaa bure, na kwamba mama anaogopa kuzeeka akidaiwa. Hayo hatukuyajua Mazimbu, ingawa kitanda ni kile kile cha futi sita.

Sasa tufike Wete. Kutoka Wete kuvuka hadi Tanga ni kama maili 38 za bahari, saa tano na nusu, na katikati ni Mkondo wa Pemba, maji yenye kina cha mamia ya mita, mahali ambapo nanga haina maana. Mafuta yalikuwa yamepungua. Mzee akanunua lita 200 za dizeli zikaletwa kwa madumu, kumi ya lita 20. Taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa ilisema kesho yake mchana upepo wa kusi utafikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi mita mbili. Mzee akaamua tung'oe nanga saa kumi alfajiri, tuvuke kabla haujaamka.

Mama aliuza mafuta ya taa Mazimbu miaka kumi na moja, kwa kipimo cha koroboi, wakati watoto wanasoma. Mtu aliyefanya biashara ile haangalii juu ya dumu, anaangalia kitako. Akayainamisha mawili matatu kwenye mwanga akaona chini kuna ukungu, na ndani ya ukungu kuna kama vumbi la kahawa. Akasema: Mzee, mafuta haya yana maji na uchafu. Tuyaache yatulie hadi asubuhi, tuyachuje kwa kitambaa, na cha chini tukimwage. Mzee akatazama saa. Akasema hakuna muda, upepo hautungoji, na injini ina kichujio chake. Ahsante Mama, endelea na chai.

Baba alikuwa amesimama hapo hapo, mkononi ana faneli. Alijua. Fundi wa miaka arobaini hawezi kukosa kujua. Akamimina.

Tuliondoka giza. Saa mbili za kwanza zilikuwa njema, mama hata aliimba. Kisha tukatoka kwenye kinga ya kisiwa na mawimbi ya kusi yakaanza kutupiga ubavu wa kushoto. Tangi likatikisika, na kila kilichokuwa kimetulia chini yake kikaamka. Saa mbili na robo asubuhi injini ilikohoa mara tatu, ikazima.

Akina mama, kimya cha injini baharini hakifanani na kimya kingine. Boti ambayo haina mwendo haina usukani. Iligeuka yenyewe, ikayapa mawimbi ubavu, ikaanza kulala huku na huku hivi kwamba vikombe vilitoka kabatini kama vimeitwa. Bibi alituvisha majaketi ya kuokolea bila kusema neno. Baba akashuka kwenye chumba cha injini, penye joto kama tanuri na harufu ya dizeli, na mama akashuka naye kushika tochi, maana hapakuwa na mwingine. Kichujio kilipofunguliwa kilikuwa cheusi, kimejaa utando kama maziwa yaliyoganda, na kikombe chake cha kioo kilikuwa na maji nusu. Kutoa kichujio, kumwaga, kufunga kipya, kisha kupiga pampu ya mkono ili hewa itoke kwenye mabomba, maana injini ya dizeli ikimeza hewa haiwaki hata uiombe. Baba alitapika mara mbili juu ya mikono yake mwenyewe, akaendelea. Mama alishika tochi kwa meno akashika mkono wake wa kushoto, ule uliokuwa unatetemeka.

Dakika hamsini. Mkondo haukutungoja, mzee alipotazama mtambo wake wa kuonyesha mahali tulipo, tulikuwa tumesogea kaskazini maili mbili. Injini ikawaka. Tuliingia Tanga saa tisa alasiri baada ya kubadilisha kichujio mara moja zaidi, na hicho kilikuwa cha mwisho.

Usiku ule, tumetia nanga Ras Kazone, taa za mji zikionekana, baba alisema: Nilijua. Mama akasema: Najua kwamba ulijua. Ikawa kimya kirefu. Kisha mama akauliza lile lililokuwa likimuuma kuliko bahari yenyewe: kwa nini hukusema? Baba akajibu kwamba chombo ni cha watu, na mwenye chombo amekwisha kuamua, na yeye ni mwajiriwa. Mama akamwuliza: na kama kingekuwa chako? Kama ungekuwa na watalii sita wamelipa, na rafiki yako anangoja mgawo wake, na upepo unakuja, ungeyaacha mafuta yatulie hadi asubuhi?

Alifikiri muda mrefu. Akasema, hapana. Ningemimina upesi kuliko yeye.

Hilo tumelichukua Mazimbu, tukaligeuza na kuligeuza. Katika Matendo ya Mitume sura ya 27, Paulo, aliyekuwa mfungwa tu, alishauri kwamba wasiendelee na safari, lakini akida akamsikiliza nahodha na mwenye merikebu, na mnajua iliishia wapi. Mwenye merikebu ana sababu za kuondoka ambazo abiria hana. MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, Spice Islander usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Nyerere tarehe 20 Septemba 2018: vyombo vitatu vilivyojazwa kupita kiasi, na katika kila kimoja walikuwamo akina mama na watoto wao. Hatuwezi kusema kila mmoja aliona hatari. Tunachosema ni kwamba yule anayeiona mara nyingi ni yule aliyekaa na vyungu na watoto, na ndiye anayeambiwa aendelee na chai.

Kwa hiyo mnaosafiri na watoto kwenda visiwani au kuvuka ziwa: ulizeni majaketi yako wapi kabla ya chombo kuondoka, si baada. Jaketi la mtu mzima halimfai mtoto, humpita kichwani akiingia majini. La mtoto liwe la uzito wake na liwe na mkanda unaopita katikati ya miguu. Kaeni mahali mnapoona mlango. Na ukiona watu wanazidi kupanda huku chombo kinazidi kushuka, shuka. Nauli itakuuma wiki moja. Wapo watakaokuita mwoga, na mumeo anaweza kuwa mmoja wao. Mshike mkono mshuke wote.

Mtatuuliza kiinua mgongo kimekwenda wapi. Hatukununua boti. Wala hatukununua shamba lote alilolitaka mama. Tumenunua ekari moja na nusu upande wa Mgeta, na fedha iliyobaki iko benki. Rafiki wa Tanga alikasirika miezi miwili, kisha akamwita baba kufanyia matengenezo injini ya boti ile ile, ambayo imenunuliwa na mtu mwingine. Siku hizi baba huenda Tanga kila baada ya miezi michache, hulipwa ujira wake, na hurudi na samaki wakavu na mikono myeusi. Habari ya kukaa bure hatuisikii tena.

Wiki iliyopita mzee alipiga simu. Wanakusudia kwenda kusini, Mafia na Kilwa, kaskazi ikianza kuvuma, wapate upepo wa nyuma. Alimwomba baba, kisha akaomba aongee na mama. Alisema amenunua kitambaa cha kuchujia, mita tatu, na madumu mapya meupe yanayoonyesha kitako, na kwamba safari hii mafuta hayatamiminwa mpaka Mama ayaone. Baba amekwisha kuutoa mkoba wa spana uvunguni. Upo mlangoni tangu Jumanne. Mama bado hajajibu, ila jana alikwenda sokoni kuuliza bei ya kabichi.